Waya mzee ukutani: Muuaji au anasingiziwa?

JAMANI, mitaani kwetu nyumba ikiungua hukumu ni moja tu. Kabla majivu hayajapoa utamsikia mtu mmoja kajifunga khanga kiunoni anatangaza: "Umeme huo! Nyaya zilikuwa za zamani." Wote wanaitikia, kesi imefungwa, kila mtu anarudi kwake kulala. Na huko anakorudi, nyaya ni za zamani vilevile!

Wapo na wabishi. Hao watakuambia nyumba ya babu yao kule Ilala iliwekwa umeme tangu enzi za Mwalimu, friji haijazimwa miaka nenda miaka rudi, na hakuna hata cheche iliyoruka. "Waya si ndizi, dada, hauozi," aliniambia mshikaji mmoja kijiweni huku anapuliza chai yake.

Nani mkweli? Mpenzi msomaji, swali hili kwangu si la kijiweni. Nimepanga chumba cha uani Magomeni, katika nyumba iliyofungwa umeme miaka ya 1970. Tuko wapangaji saba, mita moja ya LUKU, na waya unaopita darini juu ya kitanda changu umenizidi umri kwa mbali. Jirani yangu wa mlango wa pili ana mapacha wa miezi minne. Kwa hiyo hapa tukikosea hesabu, haungui mtu mmoja.

Nikaamua kulifuatilia jambo hili mpaka mwisho. Niliyoyakuta yamenishangaza, maana wale wa khanga kiunoni na wale wa kijiweni wote wamepatia nusu.

SHABA HAIZEEKI, KOTI LINAZEEKA

Chukua kipande cha waya ukikate. Utakuta vitu viwili: shaba ndani na koti la plastiki nje. Shaba haina neno. Umeme upite humo miaka 50 usiku na mchana, haupunguzi kitu. Anayezeeka ni koti.

Koti la nyaya nyingi za majumbani ni plastiki iitwayo PVC. Kwa asili yake PVC ni ngumu, kwa hiyo kiwandani huchanganywa na vilainishi ili ikunjike. Miaka inavyokwenda, na hasa joto likizidi, vilainishi hivyo hutoka kidogo kidogo. Koti linakakamaa, na siku likikunjwa linapasuka. Hapo shaba ya laivu inabaki uchi, inamtafuta nyutro. Wakikutana hao wawili uso kwa uso, ndiyo shoti yenyewe.

Nyumba za zamani zaidi, za kabla ya miaka ya 1960, nyingi zilifungwa nyaya zenye koti la mpira. Kama kwenu bado zipo, usibishane na mtu. Mpira ule ukishakauka unamomonyoka hata kwa kuguswa tu. Toa, weka mpya.

Sasa sikia jambo lenyewe. PVC ya kawaida imetengenezwa ivumilie shaba yenye joto la nyuzi 70. Wataalamu wana kanuni yao ya makadirio: kila joto linapopanda nyuzi 10, maisha ya koti yanapungua kwa karibu nusu. Ndiyo maana nyaya mbili zilizonunuliwa duka moja siku moja zinaweza kuwa na umri tofauti kabisa. Mmoja umebeba taa ya chumbani miaka 40, wenyewe uko baridi, bado kijana. Mwingine umebeba jiko na pasi miaka mitano tu, na tayari ni kikongwe.

Kwa kifupi, waya hauzeeki kwa kalenda. Unazeeka kwa homa.

FRIJI ANAONEWA BURE

Wengi wetu tunaogopa kifaa kinachokaa kwenye umeme saa 24. Unasafiri kwenda kwenu Moshi, roho yote iko kwenye friji. Hebu tupige hesabu pamoja, kalamu haiumi.

Umeme wetu ni wa volti 230. Friji ndogo ya wati 150 inavuta kama amp 0.65. Feni ya wati 60 haifiki hata amp 0.3. Birika la kuchemshia maji la wati 2,000 linavuta karibu amp 9. Sasa joto ndani ya waya halipandi sawasawa na mzigo. Mkondo ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne! Kwa hesabu hiyo, birika lako linaupasha waya joto zaidi ya mara 150 kuliko friji.

Kwa hiyo yule babu wa Ilala na friji yake isiyozimwa si mwendawazimu. Mzigo mwepesi unaoendelea miaka yote hauui waya uliofungwa vizuri. Balaa ni mzigo mzito, hata kama ni wa dakika chache, ukipita mahali pembamba.

Na mahali pembamba kuliko pote chumbani kwako ni ekstensheni. Isome ubavuni. Kama imeandikwa 0.75, maana yake ni milimita za mraba 0.75, na waya huo ni wa kubeba kama amp 6. Sasa wewe saa kumi na mbili asubuhi umechomeka birika, na pasi ya wati 1,200 unanyoosha shati la kazini. Jumla amp 14. Joto ndani ya waya limepita mara tano ya lile lililokusudiwa. Usitegemee fyuzi ya amp 13 iliyo kwenye plagi ikuokoe, kwa sababu mzigo wa amp 14 inaweza kuubeba muda mrefu bila kukatika. Yenyewe inaona sawa tu, anayeiva ni waya.

Halafu waya wenyewe umeuviringa ili chumba kipendeze, au umeupitisha chini ya zulia. Joto litokee wapi, ndugu yangu?

FUNDI ALIPOFUNGUA SOKETI

Kwa kuwa maneno matupu hayavunji mfupa, nikamwita fundi. Si wale wa kupita na bisibisi mfukoni. Huyu ni mtu mzima, ana leseni ya EWURA ya kufunga umeme majumbani.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, binti yangu. Zima meni swichi kwanza, hadithi baadaye."

Alianza na soketi ninayochomekea drayer ya nywele. Pembeni ya tundu moja palikuwa na alama ya kahawia. Akaifungua. Waya mwekundu, kiasi cha vidole viwili kutoka kwenye skrubu, ulikuwa mweusi na mkavu kama tambi mbichi. Aliukunja kidogo tu, ukapasuka. Halafu akauvuta zaidi kutoka ndani ya ukuta. Huko ulikuwa laini na rangi yake inang'aa kama wa dukani.

"Unaona? Huu ni waya mmoja, umefungwa siku moja," akasema. "Kichwa ni cha mzee, kiwiliwili ni cha kijana. Aliyemzeesha ni skrubu."

Akanieleza. Skrubu ikilegea, shaba haikamatwi vizuri, na umeme ukilazimishwa kupita kwenye mguso mdogo unatoa joto. Shaba ikipata joto inatanuka, ikipoa inasinyaa. Kila ukiwasha na kuzima, skrubu inazidi kulegea, na joto linazidi. Akakata sehemu mbovu, akaweka soketi mpya, akakaza. Upande huo kwisha.

Kisha akapanda darini. Huko, mpenzi msomaji, mambo yalikuwa mengine. Chini ya mabati, mchana wa jua la Dar, joto linaweza kupita nyuzi 50. Kwa vipimo vyao, waya wa PVC ukipita kwenye joto la nyuzi 50 unatakiwa ubebe kama asilimia 70 tu ya mzigo wake wa kawaida. Nani aliwahi kutuambia? Miaka yote hiyo kila mpangaji aliyehamia alikuwa anaunga waya wake juu ya waya wa mwenzake na kuzungushia tepu. Koti lilikuwa linabaki vidoleni mwa fundi.

Mwisho alichomoa vifaa vyote vya nyumba nzima, akafunga kipimo chake kiitwacho mega. Kinasukuma volti 500 kwenye nyaya kuona kama koti linavujisha. Nyaya za ukutani zilifaulu bila wasiwasi, pamoja na uzee wao. Za darini zilishindwa kufikisha hata megaohmu 1, ambayo ndiyo alama ya chini kabisa ya kufaulu. Nyumba moja, umri mmoja, majibu mawili.

MAMA MWENYE NYUMBA NAYE

Nilipompelekea taarifa mama mwenye nyumba alicheka kwanza. "Mwanangu, waya huo ulikuwepo hujazaliwa, na haujamuua mtu."

"Ni kweli, Mama," nikamjibu. "Lakini kabla sijazaliwa nyumba hii ilikuwa na taa sita na redio ya baba. Leo ina friji tano, pasi saba, majiko mawili ya umeme na drayer yangu. Waya ni uleule, Mama. Sisi ndio tumebadilika."

Akanyamaza. Sheria ya mambo hayo iko wazi: TANESCO mpaka kwenye mita, baada ya mita ni juu ya mwenye nyumba. Lakini mapacha wa jirani hawalali kwa mwenye nyumba, wanalala kwetu. Tukakaa wapangaji wote uani, tukakubaliana tununue nyaya sisi, fedha ikatwe kwenye kodi ya miezi miwili. Mama akaafiki kwa shingo upande. Mpaka kazi ilipokwisha, majiko ya umeme yalipumzika na tulirudi kwenye mkaa.

WAKUBWA NAO YALIWAKUTA

Usidhani haya ni ya uswahilini peke yake. Nyaya kubwa za miji nazo zina hadithi ileile.

London kuna kijana mmoja, Sebastian de Ferranti, aliyezaliwa mwaka 1864. Akiwa hajafika miaka 30, aliupeleka jijini umeme wa volti 10,000 kutoka Deptford kwa nyaya alizobuni mwenyewe. Koti lake lilikuwa karatasi iliyoloweshwa kwenye nta. Karatasi, jamani! Sehemu ya nyaya hizo ilifanya kazi zaidi ya miaka 40. Zilitengenezwa kwa uangalifu na zikadumu.

Sasa nenda Auckland, New Zealand, mwaka 1998. Katikati ya jiji kulitegemea nyaya kuu nne za chini ya ardhi. Mbili zilikuwa na umri wa kama miaka 40, mbili zilikuwa changa zaidi. Ilikuwa kiangazi kikali, viyoyozi vinanguruma, udongo umekauka. Waya wa kwanza ulikufa Januari, wa pili Februari 9, na miwili iliyobaki ikafuata Februari 19 na 20. Wazee wakafa, vijana wakafa! Katikati ya jiji kukakosa umeme wa uhakika kwa kama wiki tano. Udongo mkavu hauwezi kuondoa joto kwenye waya, na mzigo uliodhaniwa kuwa wa kawaida ukageuka mzito. Ni chini ya zulia kwako tu, ila hapo zulia ni mji mzima.

Na hapa karibu, Zanzibar hawajasahau. Unguja ilikuwa inapata umeme wa Bara kwa waya mmoja uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, wenye uwezo wa megawati 45. Mahoteli yakaongezeka, nyumba zikaongezeka, mahitaji yakaukaribia uwezo huo. Mei 21, 2008, giza likaingia. Lilikaa karibu mwezi mzima. Watu hawajakaa sawa, Desemba 2009 umeme ukatoweka tena, safari hii mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Pampu za maji zilisimama, wauza barafu wakafunga, mwenye jenereta akawa mfalme.

Giza lile lilileta na mengine. Mtafiti mmoja, Alfredo Burlando, alipitia kumbukumbu za uzazi za Zanzibar na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Aligundua kwamba miezi 8 hadi 10 baada ya giza la 2008, watoto waliozaliwa waliongezeka. Taa zimezimika, televisheni haipo, mlidhani watu watacheza bao? Lakini usicheke sana. Katika utafiti wake mwingine aliona kuwa watoto waliokuwa tumboni wakati ule walizaliwa na uzito pungufu, maana kazi zilisimama na kipato cha familia kikapungua. Waya mmoja ukifa, hata asiyezaliwa anaguswa.

Mwaka 2013 Zanzibar ilipata waya mpya wa megawati 100, kwa msaada wa Marekani. Zaidi ya mara mbili ya ule wa kwanza. Na hilo ndilo somo: si kubadilisha waya tu kwa sababu una miaka mingi, bali kuuliza kama unatosha kwa maisha ya leo.

MPYA SI LAZIMA AWE MWEMA

Kabla hujakimbilia Kariakoo, subiri. Tulipokwenda kununua, fundi alikataa maduka mawili. Mitaani zimejaa nyaya za bei poa ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba ya unene uleule, kwa hiyo inapata joto haraka, na ni rahisi kukatika. Chukua uzi mmoja, ukwangue kwa kisu. Ukiona ndani ni mweupe, rudisha, dai chenji yako. Waya halisi wa mwaka 1975 ulioko ukutani, wenye koti laini, ni salama kuliko bandia uliotoka kiwandani jana.

Kumbuka na unene: 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi. Muuzaji akikuambia "hii ni ileile tu, dada", mwambie aifunge kwake.

KAGUA MWENYEWE LEO

Huna haja ya kuwa fundi ili ujue waya wako unaumwa. Fanya haya:

1. Gusa plagi baada ya kupiga pasi. Uvuguvugu si neno. Ikikuchoma mpaka unaondoa mkono, ni dalili mbaya.

2. Tazama matundu ya soketi. Alama ya kahawia au plastiki iliyoyeyuka, usitumie tena mpaka ifunguliwe.

3. Nusa. Harufu kama ya samaki au ya plastiki inayoungua, na wewe hujapika kitu, zima meni swichi.

4. Sikiliza. Soketi au swichi inayonong'ona "trr trr" ina skrubu iliyolegea.

5. Chomoa ekstensheni, ukunje waya wake taratibu, hasa karibu na plagi. Ukiwa mgumu au una nyufa, utupe. Usiuzungushie tepu, huo si mguu uliotenguka.

6. Waya unaopita nje juani kwenda bandani au saluni, uukague kila mwaka. Jua nalo linalikausha koti.

7. Taa zikififia kila jirani akiwasha jiko, waya unalalamika. Msikilizeni.

Waya wa ndani ya ukuta huo usiuguse. Ni kazi ya mwenye leseni na mega yake. Na ukimwita, mwombe akufungie kile kifaa kinachokata umeme wenyewe unapovuja, cha miliampia 30. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na jeneza.

Likikukuta la kukukuta, usimwagie maji moto wa umeme. Zima meni swichi kama unaweza kuifikia, toa watu nje, piga 114 kwa Zimamoto. Televisheni utanunua nyingine.

Basi, ukisikia tena mtu anasema "nyaya zilikuwa za zamani", muulize swali moja tu: zilikuwa zimebeba nini? Halafu nenda nyumbani kaangalie zako zimebeba nini, kabla ya kuchomeka birika kesho asubuhi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wapangaji wenzangu, huo ukuta wenyewe si wetu!